Nani Aliyesema Inchi Ni Milimita 25.4?

Tulipokuwa tunaunda mashine ndogo ya kusaga sampuli za udongo, mimi ndiye niliyetumwa kununua shafti. Dukani wakanipa chuma cha mviringo, kimenyooka vizuri. "Inchi moja hiyo," akasema muuzaji. Beringi nilikuwa nazo tayari, zile namba 6205, ambazo tundu lake ni milimita 25. Nikapiga hesabu ya haraka kichwani: inchi moja ni kama sentimita mbili na nusu, na sentimita mbili na nusu ni milimita 25. Nikalipa, nikaondoka na furaha yangu.

Shafti haikuingia. Nikasukuma, nikapaka grisi, nikagonga kwa nyundo ya mbao. Wapi! Mwisho nikaibeba hadi kwa fundi mmoja mkerezaji kule Gerezani. Akaibana kwa kalipa, akasoma, akacheka kidogo.

"Mdogo wangu, hii ni ishirini na tano nukta nne. Hiyo nukta nne ndiyo inayokusumbua."

Nukta nne ya milimita ni kama unene wa karatasi nne za fotokopi zilizopangwa pamoja. Ni kitu kidogo, lakini kinatosha kuzuia chuma kisiingie kwenye chuma. Wakati fundi anatafuta nafasi kwenye mashine yake, mimi nikabaki na swali ambalo sikuwahi kujiuliza tangu shule ya msingi: kwa nini 25.4? Na kwa nini inaishia hapo?

Hebu fikiria. Mwaka una siku 365.2422 na desimali zinaendelea, kwa sababu mzunguko wa Dunia kwenye mhimili wake na safari yake ya kulizunguka Jua havikuwahi kukaa kikao vikapatana. Vitu viwili vilivyozaliwa mbalimbali havilingani kwa namba nzuri. Sasa inchi ilizaliwa kwenye vidole na nafaka, mita ikazaliwa kwenye vipimo vya Dunia. Iweje zikutane kwenye 25.4 kamili, bila tarakimu hata moja inayofuata?

Jibu ni kwamba hazikukutana zenyewe. Zilikutanishwa. Na aliyefanya kazi kubwa hakuwa mfalme wala bunge, alikuwa fundi wa kiwanda cha bunduki.

Kidole gumba na punje za shayiri

Jamii nyingi zilianza kupima kwa mwili. Huku pwani tulikuwa na wanda, yaani upana wa kidole kimoja. Shubiri, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho kiganja kikiwa kimekunjuliwa. Dhiraa au mkono, kutoka kiwiko hadi vidoleni. Na pima, kutoka ncha ya mkono mmoja hadi ya mwingine ukiwa umeitanua mikono yote. Ni mfumo mzuri kweli: huhitaji kununua rula, na huwezi kuusahau nyumbani. Shida inaanza pale muuzaji na mnunuzi wanapokuwa na mikono isiyolingana. Hata dhiraa yenyewe ilikuwa na sura mbili: dhiraa kamili, inayofika ncha za vidole, na dhiraa konde, inayoishia kwenye ngumi. Kabla ya kuuliza bei ya kitambaa, ilibidi kwanza mkubaliane vidole vimo au havimo.

Ulaya hali ilikuwa hiyo hiyo. Neno inchi linatokana na Kilatini *uncia*, maana yake sehemu moja kati ya kumi na mbili, kwa kuwa futi iligawanywa mara 12. Wafaransa kipimo chao cha namna hiyo walikiita *pouce*, neno lile lile la kidole gumba. Scotland kuna sheria ya zamani, inayohusishwa na Mfalme David wa Kwanza wa karne ya 12, iliyoagiza wapimwe vidole gumba vya watu watatu, mkubwa, wa kati na mdogo, kisha uchukuliwe wastani. Ukiitazama vizuri, hiyo ni takwimu kabisa! England nao waliandika kwamba punje tatu za shayiri, zilizokauka na za mviringo, zikipangwa kwa urefu ni inchi moja.

Usicheke sana. Punje hiyo bado tunatembea nayo. Namba za viatu za Kiingereza hupanda kwa theluthi moja ya inchi, ambayo ndiyo punje moja ya shayiri. Wewe ukivaa namba 8 na rafiki yako namba 9, viatu vyenu vinapishana kwa punje moja.

Kwenye pwani yetu vipimo hivi viwili, vya mwili na vya kiwandani, vilikutana kwenye kitambaa. Mwaka 1833 Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na baada ya hapo kitambaa cha pamba kutoka viwanda vya Massachusetts kikajaa Zanzibar mpaka kikapewa jina la nchi yake: merikani. Kilifumwa na kuhesabiwa kwa yadi, lakini huku kiliuzwa kwa mikono. Mkono ulihesabiwa nusu yadi, yaani inchi 18. Shuka ilikuwa mikono 4, doti mikono 8, ambayo ni yadi 4. Kila aliyekata doti kwenye safari za misafara alikuwa anabadili vipimo, hata kama hakuiita hivyo.

Biashara ya kitambaa inavumilia kosa la kidole kimoja. Ila kuna kazi ambazo hazivumilii, na huko ndiko hadithi inakoelekea.

Yadi iliyoungua bungeni

Waingereza waliamua yadi iwe kitu kimoja kinachoshikika: fimbo. Sheria ya mwaka 1824 ilitangaza kwamba fimbo ya shaba iliyotengenezwa na John Bird mwaka 1760 ndiyo yadi yenyewe, na inchi ni sehemu yake moja ya 36. Ikahifadhiwa kwenye majengo ya Bunge, London.

Waliotunga sheria hawakuwa wajinga. Walijiuliza: je, fimbo ikipotea? Wakaweka kifungu cha akiba. Pendulamu inayochukua sekunde moja kutoka upande mmoja hadi mwingine, ikiwa London, kwenye ombwe na kwenye usawa wa bahari, ina urefu wa inchi 39.1393. Basi fimbo ikipotea, tengenezeni pendulamu, mtapata inchi upya kutoka kwa maumbile yenyewe. Kwenye karatasi mpango ulikuwa hauna dosari.

Tarehe 16 Oktoba 1834 Bunge likaungua. Moto ulianzia kwenye tanuri ambamo walikuwa wanateketeza vijiti vya mbao vya kuhesabia fedha za serikali, vilivyokuwa vimepitwa na wakati. Yaani kipimo kimoja cha zamani kilipokuwa kinachomwa kikaondoka na kingine. Fimbo ya yadi ikaharibika.

Sasa ndipo kifungu cha akiba kilipohitajika, na ndipo wanasayansi walipogundua kuwa hakifai. Vipimo vya pendulamu vilivyoandikwa kwenye sheria vilikuwa na makosa, kwa mfano katika kukadiria athari ya hewa. Ukiifuata sheria neno kwa neno, unapata yadi ambayo siyo ile iliyoungua. Mwishowe wakaacha maumbile, wakakusanya nakala za fimbo zilizokuwepo kwa watu na taasisi mbalimbali, wakazilinganisha, na kutokana na makubaliano ya nakala hizo wakaunda fimbo mpya ya bronzi mwaka 1845. Ilikuwa na vifuniko viwili vidogo vya dhahabu, kila kimoja kikiwa na mstari mwembamba, na umbali kati ya mistari hiyo, kwa joto la nyuzi 62 za Fahrenheit, ndio ukawa yadi. Sheria ya mwaka 1855 ikaibariki.

Wafaransa nao walikuwa wameshapitia funzo hilo hilo kwa njia yao. Waliamua mita iwe sehemu moja ya milioni 10 ya umbali kutoka Ncha ya Kaskazini hadi Ikweta. Kuanzia mwaka 1792 Delambre na Méchain walizunguka kwa miaka kadhaa wakipima kutoka Dunkirk hadi Barcelona, katikati ya vita na mapinduzi. Mwaka 1799 matokeo yakawekwa kwenye fimbo ya platini. Baadaye ikaja kujulikana kuwa fimbo hiyo ni fupi kwa takriban milimita 0.2 kuliko ilivyokusudiwa. Je, waliirekebisha? Hapana. Watu walishaizoea. Mita ikawa ni ile fimbo, na Dunia ikaambiwa isubiri.

Kwa hiyo kufikia katikati ya karne ya 19 kulikuwa na fimbo mbili, moja Paris na nyingine London. Zote zilidai zimetoka kwa maumbile au zinaweza kurudishwa kwa maumbile, na zote kwa kweli zilisimama kwa sababu watu walikubali kuziamini.

Inchi mbili zenye jina moja

Marekani walipewa nakala ya fimbo ya bronzi ya Waingereza mwaka 1856. Lakini kila ilipopelekwa kulinganishwa na mama yake, majibu hayakutulia. Mwaka 1866 Bunge la Marekani likaruhusu matumizi ya mita kisheria, na kwa ajili ya mahesabu likaandika kuwa mita moja ni inchi 39.37. Ishike namba hiyo, tutairudia.

Mwaka 1893 Thomas Corwin Mendenhall, aliyekuwa anasimamia ofisi ya upimaji na vipimo ya Marekani, akachukua uamuzi ambao wengi hawaujui hadi leo. Alisema: tangu sasa hatutategemea fimbo ya bronzi. Yadi yetu tutaipata kutoka kwenye mita, kwa uwiano wa 3600 kwa 3937. Kumbe basi nchi ambayo kila mtu anaitaja kuwa imekataa mita, ilishaiweka inchi yake chini ya mita miaka zaidi ya 130 iliyopita.

Piga hesabu. Mita moja ikiwa inchi 39.37, inchi moja ni milimita 25.4000508. Waingereza wao wakabaki na fimbo yao, na ilipopimwa dhidi ya mita ikatoa inchi ya takriban milimita 25.39998. Tena fimbo yenyewe, kama ilivyokuja kuonekana, ilikuwa inasinyaa polepole mno kadiri miaka inavyokwenda.

Tofauti ya inchi hizo mbili ni kama milimita 0.00007. Unywele wa binadamu una unene wa karibu milimita 0.07, kwa hiyo tunaongelea sehemu moja ya elfu ya unywele. Kwenye maili nzima, tofauti hiyo inajikusanya kuwa milimita 5 hivi. Nani anajali?

Anajali mtu anayetengeneza vifaa vya kupimia vifaa vingine. Ukiwa wewe ndiye unayewauzia mafundi wa London na wa Detroit kipande cha chuma unachokiita "inchi moja kamili", na usahihi wako unafika kwenye sehemu za milioni, ni lazima uchague: kamili ya nani?

Fundi wa Eskilstuna

Carl Edvard Johansson alizaliwa Sweden mwaka 1864 na akafanya kazi katika kiwanda cha bunduki mjini Eskilstuna. Kazi ya kiwanda kama hicho inategemea jambo moja: sehemu ya bunduki hii iingie kwenye bunduki ile bila kupigwa tupa. Ili kuhakikisha, viwanda vilitengeneza kipimo cha chuma kwa kila ukubwa uliohitajika. Bunduki ikibadilika, mnatengeneza mamia ya vipimo vipya. Johansson alipelekwa Ujerumani kwenye kiwanda cha Mauser, akauona mlima wa vipimo uliokuwa unahitajika huko. Mwaka 1896, akiwa kwenye treni anarudi nyumbani, akapata wazo.

Badala ya kutengeneza kipimo kwa kila ukubwa, tengeneza vipande vichache vinavyoweza kujumlishwa. Ni kama sarafu na noti: huhitaji noti ya kila bei iliyopo sokoni, unahitaji chache zilizochaguliwa vizuri. Alichagua vipande 102, vyenye uwezo wa kutoa vipimo 20,000, kuanzia milimita 1 hadi 201, kwa kupanda milimita 0.01 kila hatua.

Lakini ukipanga vipande vitano, makosa ya vyote vitano yanajumlishwa pia. Kwa hiyo kila kimoja kilitakiwa kuwa sahihi kupita vifaa vingi vya wakati huo. Johansson alivisugua na kuving'arisha nyumbani kwake, kwa mashine aliyoiunda kutokana na cherehani ya mkewe. Nyuso zake zililainika kiasi kwamba ukivisugua kimoja juu ya kingine vinashikana vyenyewe bila gundi, na kuvitenganisha lazima uvitelezeshe.

Vipande vikapata umaarufu haraka, na ilipofika mwaka 1912 akaanza kutengeneza seti za inchi. Hapo akakutana na swali letu: inchi ya nani? Ya Marekani, 25.4000508? Au ya Uingereza, 25.39998? Johansson akaziangalia zote mbili, akachagua namba fupi iliyo katikati: 25.4, kwenye joto la nyuzi 20 za Sentigredi. Ilipishana na inchi zote mbili za kisheria kwa sehemu mbili au chini ya hapo katika milioni. Hakuna fundi ambaye angelalamika, na kila fundi sasa alikuwa na hesabu rahisi.

Hiyo habari ya nyuzi 20 usiipite kwa haraka. Chuma cha pua cha mita moja kinaongezeka urefu kwa karibu milimita 0.0115 kila joto linapopanda nyuzi moja. Karakana ya Dar es Salaam yenye nyuzi 32 inarefusha kila kipande kwa sehemu 138 katika milioni, wakati ugomvi mzima wa London na Washington ulikuwa wa sehemu tatu hivi. Yaani jua la mchana tu lilikuwa na nguvu mara arobaini na zaidi kuliko mgogoro wa mataifa mawili. Bila kutaja joto, maneno "inchi moja kamili" hayana maana.

Mwaka 1923 Johansson akajiunga na kampuni ya Ford huko Marekani, na vipande vyake vikaingia kwenye moyo wa uzalishaji wa magari. Hebu ona kilichotokea: sheria ya Marekani inasema hivi, sheria ya Uingereza inasema vile, lakini mafundi wa pande zote mbili wanasahihisha vifaa vyao kwa vipande vya mtu mmoja. Inchi iliyokuwa inatumika kweli viwandani ilikuwa inchi ya Johansson. Sheria zilibaki kwenye makabati.

Sheria inapowafuata mafundi

Taasisi ya viwango ya Uingereza ikaikubali 25.4 kwa matumizi ya viwanda mwaka 1930, ya Marekani ikafuata mwaka 1933. Kulikuwa na faida nyingine ambayo mkerezaji anaielewa kuliko mwanasiasa. Mashine ya kukereza inakata nyuzi za skrubu kwa kutegemea uwiano wa magurudumu ya meno. Ukitaka mashine ya inchi ikate nyuzi za milimita, lazima uwiano wa 25.4 upatikane kwa meno halisi. Sasa 25.4 ni sawa na 127 gawanya kwa 5. Gurudumu moja la meno 127, likishirikiana na mengine ya kawaida, linamaliza kazi bila kosa lolote. Namba 127 haigawanyiki, kwa hiyo huwezi kukwepa gurudumu hilo, lakini ni moja tu. Jaribu kutafuta gurudumu la 25.4000508 uone.

Canada wakaiweka 25.4 kwenye sheria yao mwaka 1951. Hatimaye, kuanzia tarehe 1 Julai 1959, Marekani, Uingereza, Canada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini wakakubaliana: yadi moja ni mita 0.9144, ambayo ukiigawa kwa 36 ni milimita 25.4. Siyo takriban. Kamili, kwa makubaliano.

Kila muafaka una anayebaki nyuma. Wapima ardhi wa Marekani walikuwa na kumbukumbu nyingi za viwanja na mipaka zilizoandikwa kwa futi ya mwaka 1893. Ile tofauti ya sehemu mbili katika milioni, ukiipeleka kwenye futi milioni moja, inakuwa futi mbili, na futi mbili za mpaka zinaweza kuwapeleka majirani mahakamani. Wakaruhusiwa kubaki na futi yao kwa muda. Huo "muda" uliisha tarehe 31 Desemba 2022. Kwa zaidi ya miaka 60 nchi moja ilikuwa na futi mbili.

Tangu hapo inchi haina fimbo yake tena. Mita ilipofafanuliwa upya mwaka 1983 kwa kutumia mwendo wa mwanga, inchi ikabebwa humo humo. Leo inchi ni mita iliyobaki na jina la zamani.

Namba inabadilika, chuma hakibadiliki

Haya, sasa tunajua 25.4 ni kamili. Basi kubadili inchi kuwa milimita ni kuzidisha tu, na kurudi ni kugawanya. Nusu inchi ni 12.7. Robo tatu ni 19.05. Tano ya nane ni 15.875. Lakini ukiangalia mtaani, utaona shida yetu ipo baada ya hesabu.

Chukua spana. Nati ya robo tatu inafunguka vizuri kwa spana namba 19, maana zinapishana kwa milimita 0.05 tu. Nati ya nusu inchi utaikamata kwa namba 13, ila inacheza kwa milimita 0.3, ikiwa imeshika kutu, spana inateleza na kona zinalika. Kila gereji ina nati za namna hiyo, zilizokuwa na pembe sita sasa ni duara.

Chukua tairi ya gari, 195/65 R15. Namba ya kwanza ni milimita, ya pili ni asilimia, ya tatu ni inchi. Ili upate kimo cha tairi ni lazima uichanganye familia yote: 195 mara 0.65 ni 126.75; mara mbili ni 253.5; ongeza ringi, 15 mara 25.4, ambayo ni 381. Jumla milimita 634.5.

Chukua bomba la chuma la nusu inchi. Ukilipima kwa nje utapata milimita 21.3, siyo 12.7. Hapa hakuna aliyekuibia. "Nusu inchi" kwenye bomba ni jina lililobaki kutoka enzi ambapo lilikaribia kueleza tundu la ndani. Huwezi kubadili jina kwa kuzidisha, kama ambavyo huwezi kuzidisha jina la mtaa.

Na chukua reli. Wajerumani walipoanza kujenga kutoka Tanga mwaka 1893, na Waingereza kutoka Mombasa mwaka 1896, wote walitumia upana wa mita moja. Waingereza, watu wa futi na inchi, waliuchukua kwa sababu ndio uliokuwa umeenea kwenye njia zao nyingi za India. TAZARA ilipojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 ilipewa upana wa kusini mwa Afrika: futi 3 na inchi 6. Inchi 42 mara 25.4 ni 1,066.8, inaandikwa 1,067. Reli mpya ya SGR ina futi 4 na inchi 8 na nusu: inchi 56.5 mara 25.4 ni 1,435.1, inaandikwa 1,435. Kwa hiyo Dar es Salaam leo ina reli za upana aina tatu. Kati ya reli ya zamani na TAZARA kuna milimita 67 tu, pungufu ya inchi tatu. Namba hizo mtoto wa darasa la tano anazibadili bila jasho. Behewa halibadiliki. Mzigo unashushwa hapa, unapakiwa pale, na anayelipa gharama ni mimi na wewe.

Ndiyo maana nasema kubadili vipimo ni kazi mbili. Ya kwanza ni ya namba, na hiyo Johansson alishatumalizia. Ya pili ni ya kukubaliana, na hiyo haina kikokotoo. Ukinunua kitu cha "inchi", uliza kwanza: hiki ni kipimo au ni jina? Na kitakutana na nini, kilichotengenezwa kwa makubaliano ya nani?

Thelathini na tisa

Turudi Gerezani. Fundi aliifunga shafti yangu kwenye mashine, mzee wa mashine kweli, uliotoka Uingereza miaka mingi. Vipimo vya kwenye gurudumu lake la mkono vilikuwa vya sehemu za elfu za inchi. Alitakiwa kuondoa milimita 0.4. Hakuandika popote, wala hakutoa simu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumi na sita kwa jumla. Nane kila upande."

Nikamuuliza amepataje.

"Milimita moja ni thelathini na tisa za elfu na kidogo," akasema. "Nukta nne yake ni kumi na tano na zaidi, sema kumi na sita. Hiyo aliniachia marehemu bosi wangu."

Thelathini na tisa na kidogo. Kwa usahihi wa juu zaidi ni 39.37, ile ile namba iliyoandikwa na Bunge la Marekani mwaka 1866. Sina uhakika kama bosi wake aliwahi kusikia jina la Mendenhall. Hakuhitaji. Namba ilipita kutoka kwa fundi hadi fundi ikafika mahali inapofanya kazi.

Alikata kidogo kidogo, akawa anasimama na kupima, akasubiri chuma kipoe kabla ya kipimo cha mwisho. Nikakumbuka zile nyuzi 20 na joto letu la siku ile, nikanyamaza. Alipomaliza akachukua beringi mkononi mwangu, akaiweka kwenye ncha ya shafti, akaisukuma kwa kiganja. Ikaingia taratibu, bila nyundo.